Uzi wa Mafundo na Jua la Kampala

Nyinyi vijana mnaouza tikiti za ndege siku hizi nawaonea wivu kidogo, na kidogo nawahurumia. Mteja akiingia akuulize kutoka Nairobi mpaka mji fulani ni saa ngapi, unagusa kioo cha simu na jibu linakuja kabla hajavuta kiti. Mimi nilianza kazi hiyo Meru mjini, katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, upande wa Kinoru, na jibu hilo tulikuwa tukilitafuta kwa uzi.

Naam, uzi. Msicheke bado.

Naitwa Rwamba, ingawa mjini wengi wananijua kwa jina la Mama Mwenda. Nilizaliwa Mbeere, karibu na bwawa la Kiambere, ambako mvua ikinyesha watu hupigiana simu. Nikaolewa Meru, ambako mvua haiulizi mtu. Wameru walinitania miaka yote kwamba nimetoka kwenye mawe na mbuzi, nami nikawajibu kwamba mbuzi wetu wana adabu kuliko madereva wao. Tukaelewana hivyo, na kazi ikaenda.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gitonga, mwenye ofisi. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye sweta la kijani alilolivaa hata Februari. Juu ya meza yake palikuwa na globu, ule mpira wenye ramani ya dunia, uliobonyea kidogo upande wa Brazili kwa sababu fundi wa umeme aliukalia. Na katika droo alikuwa na uzi mweusi wa kushonea viatu, uliopigwa mafundo, fundo na fundo yakiachana upana wa ukucha wa kidole gumba. Fundo moja lilikuwa saa moja hewani. Unaushika mwanzo wa uzi pale Nairobi, unauvuta ukaze mpaka mji unaoutaka, unahesabu mafundo, unaongeza nusu saa ya ndege kupanda na kushuka. Nairobi mpaka London mafundo manane. Ukija kulinganisha na kitabu cha ratiba, lile libuku nene kama tofali lililoletwa kutoka Nairobi, unakuta Mzee hakukosea ila dakika chache.

"Ramani ya ukutani inadanganya," alikuwa akiniambia. "Dunia si kitambaa cha meza. Ukitaka njia fupi, uliza mpira."

Nilijifunza mengi kwa uzi ule, na mengine kwa wateja. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu wa Kinoru aliyekwenda Amerika kumwona mwanawe. Aliporudi alikuja ofisini amenuna. Kwenda, ndege ilichukua saa kumi na tano. Kurudi, kumi na nne. "Huyu rubani wa kurudi," akasema, "anaendesha kama wale wa pikapu za miraa. Angetuua." Nikamkalisha, nikamwagizia chai, nikamweleza kwamba huko juu kuna upepo mkubwa unaotoka magharibi. Anayekwenda Amerika anapambana nao njia nzima, anayerudi unamsukuma mgongoni. Alimaliza chai yake, kisha akauliza kwa nini sikumwambia mapema ili asisali safari nzima. Alikuwa na haki.

Halafu kulikuwa na ile hesabu niliyoipenda kuliko zote. Kutoka Tigania mpaka Nairobi kwa gari ni saa tano, ukibahatika. Kutoka Nairobi mpaka Dubai kwa ndege ni saa tano vilevile. Nilikuwa nawaambia wateja: ukifika uwanja wa ndege umeshakaa safarini muda wa kukufikisha Uarabuni, na bado hujaonyesha pasipoti. Wengi walidhani nawatania. Kijana, mtu akikuuliza safari ni ndefu kiasi gani, usimpe kilomita. Kilomita hazichoshi mtu, saa ndizo humchosha.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nimeshalisimulia mara nyingi na silionei haya tena.

Wakati huo Mzee Gitonga alikuwa amestaafu na kuniachia ofisi, globu na uzi. Nilikuwa nimejiamini mno. Watu walikuja kunishangaa: nitajie mji, nami nitakutajia saa. Basi siku moja, katikati ya wiki, akaingia Mzee Baariu wa Kianjai, huko Tigania, mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Binti yake Kendi alikuwa muuguzi kule Perth, Australia. Alikuwa anaposwa na kijana wa Embu anayeitwa Njeru, mwalimu, na Jumamosi ile watu wa Embu walikuwa wanakuja na ruracio, yaani mahari. Tikiti Kendi alikuwa amejinunulia huko huko.

"Anasema anatoka Ijumaa, saa nne usiku ya kwao, na atafika Jumamosi," Mzee Baariu akasema. "Nataka tu kujua Jumamosi saa ngapi, niwape wageni wakati."

Jamani, swali lilikuwa jepesi. Saa nne usiku ya Perth ni saa kumi na moja jioni ya kwetu. Nikauvuta uzi kutoka Perth mpaka Nairobi, moja kwa moja juu ya bahari: mafundo kumi na nusu. Nikaongeza nusu saa. "Saa kumi na moja, Mzee. Atatua Nairobi saa kumi alfajiri. Akitoka hapo kwa gari, saa nne asubuhi yuko Kianjai anaoga." Sikufungua kitabu. Hata sikuketi. Mzee akanishukuru, akaenda akawaambia wageni: saa sita mchana.

Hapa lazima niwaeleze kitu vijana wa mjini, maana wengine siku hizi mnaoana kwa ujumbe wa simu. Kwetu Embu na Mbeere, na kwao Meru, desturi zinakaribiana. Wageni wakija, hubeba kibuyu cha asali. Zamani ilikuwa pombe ya asali, lakini familia za kanisa huleta asali tupu, na wanaoipenda pombe hunung'unikia pembeni. Kibuyu hakifunguliwi mpaka binti mwenyewe aitwe, aulizwe mbele ya watu kama anakubali kinywewe, naye amimine kwa mkono wake. Akimimina, amekubali. Asipotokea, amekataa, na wageni huondoka na kibuyu chao. Hakuna mtu mwingine wa kumjibia, hata baba yake.

Jumamosi, kabla ya jogoo wa pili, simu yangu ikalia. Alikuwa Mzee Baariu. Kaka yake Kendi alikuwa uwanja wa ndege tangu saa tisa, na kwenye ubao wa ndege zinazotua hakukuwa na ndege yoyote kutoka Perth. Haikuchelewa wala haikuahirishwa, ila haikuwapo kabisa.

Niliketi kitandani. Nililiona kosa langu zima kwa mara moja. Uzi huenda popote unapouvuta. Ndege huenda pale penye abiria wa kutosha. Kutoka Perth kuja Nairobi hapakuwa na ndege ya moja kwa moja. Mtu hupelekwa kwanza juu kabisa mpaka Dubai, saa kumi na moja, anangoja uwanjani, kisha anarudishwa chini saa tano. Nikampigia rafiki yangu anayefanya kazi uwanjani Nairobi. Akaangalia, akanithibitishia: Kendi yumo kwenye orodha ya ndege ya kutoka Dubai, itakayotua saa sita na nusu mchana. Simu yake ilikuwa laini ya Australia, haipatikani.

Ukitua Nairobi saa sita na nusu mchana, kwa gari unafika Kianjai saa kumi na mbili jioni, au zaidi. Na wageni walialikwa saa sita.

Mume wangu alinishauri nimpigie tu Mzee Baariu nimwambie. Nikakataa. Kosa la kujifanya mjuzi halisemwi kwa simu. Nikavaa, nikatia uzi wangu mfukoni, nikaenda Kianjai.

Watu wa Embu waliondoka kwao alfajiri, wakafika saa nne asubuhi, mapema kabisa, wamevaa makoti. Msemaji wao alikuwa Mzee Nyaga, mjomba wa Njeru, mrefu, mwenye fimbo nyeusi na sauti ya kuhutubia soko. Nikasimama mbele ya wazee wote, chini ya turubai, nikasema: "Wazee wangu, Kendi hajafika, na hajakataa. Yeye alisema Jumamosi tu. Saa ni mimi niliyezitaja, na nilizitaja vibaya."

Mzee Nyaga akaniashiria nisogee karibu. "Mwari," akaniita, yaani binti, maana lafudhi yangu ya Mbeere aliitambua mara moja. "Kuna mwaka tulikaa hivi hivi, nyumba nyingine, kwa mwanangu mwenyewe. Tukaambiwa binti yuko njiani. Tukaambiwa gari limeharibika. Tukaambiwa daraja. Tukarudi gizani na kibuyu chetu, na mwanangu hajaoa mpaka leo. Siku ile niliapa. Leo nasema mbele ya watu wote: jua likizama kabla binti hajamimina, tunakwenda."

Njeru alikuwa ameketi nyuma ya wajomba zake, mikono katikati ya magoti. Uso wake nauona mpaka leo.

"Na huko njiani ni wapi?" Mzee Nyaga akauliza. "Nionyeshe. Maneno nimeshasikia."

Globu ilikuwa ofisini. Nikaangaza macho, nikaona akina mama wakikata mboga. Nikaomba kabeji moja, kubwa, ya mviringo. Nikachomeka njiti tatu za kibiriti: hii Perth, hii Dubai, hii Nairobi. Nikauvuta uzi wa mafundo kutoka Perth mpaka Nairobi. "Hivi ndivyo nilivyohesabu." Nikauvuta tena, Perth mpaka Dubai. "Hivi ndivyo alivyokwenda. Mnaona? Mpaka hapa tu saa zangu zimekwisha." Kisha Dubai mpaka Nairobi, mafundo manne na kidogo. Nikachukua punje ya maharagwe, nikaibandika kwa mate kati ya njiti mbili, nikaangalia saa ya mkononi. "Sasa hivi yuko hapa, juu ya Ethiopia."

Wazee wakainuka kwenye viti vyao. Mmoja akavaa miwani. Mwingine akauliza kama huko Ethiopia wanasimama kununua chakula. Kila nusu saa walinidai niisogeze ile punje, na nikichelewa wananikumbusha. Mama Kendi akaja kuitaka kabeji yake ya kupondwa pamoja na viazi vya mukimo, akafukuzwa na wazee wa pande zote mbili. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile Meru na Embu kukubaliana.

Saa sita na nusu nikaiweka punje Nairobi. Baada ya dakika arobaini kaka yake Kendi akapiga simu: amemwona, wanatoka. Watu wakashangilia. Mzee Baariu akapata ujasiri, akasema, "Mzee Nyaga, basi tumuulize kwa simu. Anasikika vizuri."

"Simu haimimini asali," Mzee Nyaga akajibu, na hapo hakuna mtu aliyeweza kumpinga.

Basi tukangoja gari. Kule juu mambo huenda kwa hesabu, lakini barabarani kuna malori, ng'ombe na Jumamosi. Saa kumi walikuwa Embu. Saa kumi na moja na dakika kumi, Chuka. Saa kumi na mbili na robo, kaka mtu akapiga simu kwamba yuko Meru mjini, msongamano wa siku ya soko umemkamata pale Makutano. Nilihesabu kichwani, sikupenda nilichokipata. Nusu saa, na jua lilikuwa limebakiza robo.

Likazama. Niliona vivuli vikifutika pale uani. Akina mama wakaacha sufuria zao. Njeru akainama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mzee Baariu, ambaye tangu asubuhi hakunilaumu kwa neno moja, akavua kofia. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Mzee Nyaga akasimama. Watu wake wakasimama. Akatazama kibuyu, akamtazama Njeru, akabaki vivyo hivyo ameegemea fimbo. Nadhani kila mtu pale aliona kwamba hataki kuondoka, lakini neno alikuwa ameshalitoa, na mzee halimezi neno lake.

Kisha akainama, akaiokota kabeji.

"Mwari wa Mbeere. Wewe umetwambia dunia iko hivi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na jua liko upande mmoja, dunia inazunguka."

"Ndiyo."

Akaizungusha taratibu mikononi, ile njiti ya Nairobi ikienda upande wa kivuli. "Kwa hivyo hapa limezama. Na hapa, kushoto kidogo? Kampala?"

Nikamwelewa, na nikamshukuru Mungu kwamba hesabu hiyo naijua. Kila digrii moja ya dunia ni dakika nne, na kutoka kwetu mpaka Kampala ni digrii tano. "Kampala bado linawaka, Mzee. Litazama baada ya dakika ishirini."

Mzee Nyaga akawageukia watu wake, sauti ile ile ya soko. "Mimi nilisema jua likizama. Kuna mtu alinisikia nikitaja ni la wapi?"

Hakuna aliyemsikia. Hata mzee wa Kianjai aliyelala usingizi tangu saa tisa aliapa kwamba hakumsikia.

"Basi kaeni. Tunangoja la Kampala."

Wakakaa. Hakuna aliyecheka, maana lilikuwa jambo zito. Mimi nilisimama na saa yangu mkononi kama refa. Dakika ya tano, ya nane. Dakika ya kumi na moja taa za gari zikapinda kutoka barabara kuu, na kabla halijasimama vizuri mlango ukafunguliwa. Kendi akashuka na sare ya kazi aliyotoka nayo zamu Perth, imekunjamana, nywele zimelala upande mmoja. Hakuoga, hakubadilisha nguo. Mama yake alimvisha leso mabegani huku akitembea.

Akaulizwa mbele ya watu: kinywewe? Akamtazama Njeru. Akapiga magoti, akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akamimina. Kikombe cha kwanza akampa baba yake, cha pili Mzee Nyaga. Kisha akaitazama ile kabeji yenye njiti, akauliza ni ya nini. Watu wote wakacheka kwa pamoja. Mimi nililia, sifichi.

Nilidhani yameisha. Lakini Mzee Nyaga akafuta asali kwenye masharubu, akasema mtu aliyekosa lazima atozwe faini, hata akiwa binti wa kwao. Nikasema niko tayari, nikidhani ni kondoo.

"Kondoo hatumtaki," akasema. "Baariu alikuuliza saa, ukampa saa. Hukumuuliza huyo mtoto anangojwa na nani, wala mpaka lini. Ungeuliza, ungefungua kitabu chako. Faini yako ni hiyo: usimtajie mtu saa kabla hujauliza nani anamngoja."

Nimeilipa faini hiyo mpaka siku niliyostaafu, kwa kila mteja, hata waliodhani ni umbea. Mwingine anangojwa na mwajiri, huyo mpe ndege ya siku moja kabla. Mwingine anangojwa na mgonjwa, huyo mtafutie njia yenye kituo kimoja, hata ikiwa ndefu. Mwingine hangojwi na mtu, na huyo usimharakishe, mwagizie chai.

Wiki iliyopita kijana aliyerithi meza yangu alinipigia. Mteja alikuwa kwenye simu yake nyingine, mwanamke aliyeko Toronto anayetaka kurudi nyumbani, na kompyuta ilimpa njia tisa, hajui amshauri ipi. Akaanza kunisomea saa za kila njia.

"Nani anamngoja?" nikamkata.

Akaiweka simu yangu mezani. Nikamsikia akiuliza, na sauti ya mwanamke ikajibu kwa mbali kwamba ni mamake, na kwamba daktari amesema labda wiki hii.

Akarudi kwenye simu yangu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimeona ndege ya leo jioni, Mama Mwenda," akasema. "Acha nimwandikie hiyo."